Joho la Mfalme wa Kisima

Mume wa Mama Sindano hakuwa mfalme wa nchi yoyote, lakini mtaa mzima ulimwita Mfalme. Aliigiza wafalme jukwaani tangu ujana wake, akawaigiza vizuri mno, hata jina alilopewa na wazazi likachakaa kwa kukosa kutumika. Dukani aliitwa Mfalme, zahanatini aliitwa Mfalme, na siku alipozikwa watu walisema Mfalme amekwenda, mpaka mpita njia mmoja akauliza kwa mshangao kama nchi imeingia msibani na yeye hakuambiwa.

Baada ya maziko, ukumbi wa kundi lao ulifungwa. Hakuna aliyetoa amri. Kundi liliendelea kukutana kwa muda, watu wakakaa vitini wakitazamana kama abiria waliokosa gari. Kisha mmoja akapata kibarua, mwingine akahama, na Mwenyekiti akatia kufuli mlangoni huku akipangusa macho na kusema ni vumbi. Paa likaanza kuvuja. Popo wakahamia darini. Seremala aliyekuwa akijenga mandhari ya michezo akarudi kutengeneza majeneza, kazi ambayo, alivyosema mwenyewe, wateja wake hawalalamiki, lakini pia hawapigi makofi.

Mama Sindano, aliyekuwa akishona mavazi ya kundi zima, akabaki nyumbani na cherehani yake, akishona sare za shule na kupunguza suruali za watu. Mavazi ya michezo aliyaacha yakining'inia katika chumba cha nyuma cha ukumbi, na joho la Mfalme likiwa katikati yao. Hakwenda kulitazama hata mara moja. Alijua akilishika atalinusa, na akilinusa, siku hiyo itakuwa imekwisha.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka asubuhi moja Mwenyekiti alipokuja kubisha hodi, jasho linamtiririka, shati limembana tumboni kama kawaida yake.

"Shemeji, vaa viatu. Kuna mgeni ukumbini, na mgeni mwenyewe si wa kunywa chai na kuondoka."

"Mgeni gani?"

"Afisa wa mfuko wa utamaduni. Nimeomba mpaka magoti yameota sugu, leo nimejibiwa. Twende upesi kabla hajaona popo."

Afisa alikuwa ameshawaona popo. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa viatu vya kutembelea, na walipofika walimkuta amesimama katikati ya ukumbi, shingo ameiinua, akitazama mwanga ulivyopenya kwenye matundu ya paa. Hakuonekana kukata tamaa. Alisalimia kwa heshima, akampa Mama Sindano pole ya msiba, kisha akaingia kwenye jambo lililomleta.

"Sisi hatutoi ufadhili wa sherehe," alisema. "Sherehe zikiisha, zimeisha. Nataka ukumbi huu uwe kazi. Seremala apate, mshonaji apate, mpaka rangi apate, fundi umeme, wapiga ngoma, na yule anayeuza karanga pale mlangoni naye apate. Vijana wafundishwe, na wao wafundishe wengine. Mtaa huu umepoteza kiwanda, umepoteza stesheni. Hiki mlichonacho ninyi hakuna anayeweza kukifunga na kukihamishia kwingine."

"Hapo umenena," alisema Mwenyekiti.

"Lakini lazima tuanze na kitu ambacho watu wanakipenda tayari. Tuanze na mchezo wa kisima."

Mwenyekiti akameza mate. Mama Sindano akatazama sakafu.

"Mimi niliuona nikiwa mtoto," Afisa aliendelea. "Baba yangu alinibeba mabegani. Nilitoka hapa nalia, hata nyumbani sikuweza kusema nalilia nini."

"Mwisho wake ulikuwaje?" Mama Sindano aliuliza ghafla, na sauti yake ikamshtua hata yeye mwenyewe.

Afisa akafikiri. Akafungua mdomo, akaufumba. "Ajabu," alisema. "Nakumbuka kulia tu."

Na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Mchezo wa kisima ulimhusu mfalme aliyezungushia ukuta kisima pekee cha watu wake, akaweka lango na walinzi, mpaka watu wakaondoka na kumwacha peke yake na maji yake. Sehemu ya kwanza na ya pili kundi zima lilikuwa jukwaani, na kila mmoja aliyajua maneno yake na ya jirani yake. Sehemu ya tatu Mfalme alibaki peke yake, akizungumza na maji. Wenzake wote kwa wakati huo walikuwa nyuma, wananawa nyuso, wanatafuta viatu, wanagombania maji ya kunywa. Mama Sindano alikuwa nyuma ya pazia akikunja mavazi. Kwa miaka yote aliyasikia maneno yale kupitia kitambaa kizito, yakipanda na kushuka, bila kushika hata sentensi moja. Wimbo wa sauti yake aliujua. Maneno hakuyajua. Na Mfalme hakutaka kuyaandika wala kunaswa kwenye chombo chochote. Kila alipoambiwa, alisema mchezo ukishafungiwa unalala, na yeye hataki kuigiza na kitu kilicholala. Watazamaji nao hakuna aliyekuwa amefikiria kuwauliza.

Mwenyekiti, kwa kuwa aliogopa bahati kuponyoka, akamhakikishia Afisa kwamba mchezo upo wote, tangu mwanzo hadi mwisho.

Paa likatengenezwa. Popo wakatimuliwa, wakaenda kulalamika kwenye mti wa jirani. Seremala akatupa randa ya majeneza kwa furaha, akajenga kisima kipya cha mbao kikubwa kuliko cha zamani. Watu wa kundi wakarudi mmoja mmoja, wengine wakiwa wamenenepa, wengine wamezeeka, wote wakikumbatiana na kuambiana uongo mtamu kwamba hakuna aliyebadilika. Aliyekosekana alikuwa mfalme.

Wakafanya usaili. Waliokuja wengi walikuwa na sauti kubwa tu. Mwishoni akaja mwanamume mmoja wa gereji ya mabasi, mpana wa kifua, mikono ina madoa ya grisi yasiyotoka, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa breki, wote walimwita Fundi Breki. Alikuwa amehamia mjini baada ya Mfalme kufariki. Hakuwa amewahi kuona mchezo wowote ukumbini humo. Lakini alisimama vizuri, na alipokaa kimya watu walimtazama, jambo ambalo Mwenyekiti alisema haliwezi kufundishwa.

"Mpe joho alijaribu," Mwenyekiti alimwambia Mama Sindano.

"Halitamtosha. Ngoja nilipanue kwanza."

"Ajaribu tu, shemeji. Utapanua baadaye."

Mama Sindano aliingia chumba cha nyuma, akaliondoa joho kwenye msumari huku ameziba pumzi, akalitoa nje amelishika mbali na mwili wake kama mtu abebaye taa ya moto. Lilikuwa joho zito, jekundu lililokolea, lenye vifungo vya mfupa kuanzia shingoni hadi miguuni. Fundi Breki akaingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili. Kitambaa kikakaza mgongoni kikilia. Mama Sindano alingoja mshono upasuke. Haukupasuka. Fundi Breki akavuta tumbo ndani, na vifungo vyote vikafunga.

Siku hiyo walipita sehemu ya kwanza na ya pili. Walipofika ya tatu, Mwenyekiti akasema kwa sauti ya mtu anayejikaza, "Wewe simama tu pale kisimani. Sema lolote. Tutatunga baadaye."

Mama Sindano alikuwa nyuma ya pazia, mahali pake pa siku zote, anakunja mashuka ya wachota maji. Akasikia nyayo zikienda kisimani. Kisha mtu akasafisha koo mara mbili, kavu kavu, na akaanza kusema.

Mashuka yakamwanguka mikononi. Ulikuwa wimbo ule ule. Ulipanda pale ulipopanda siku zote, ukakaa juu kidogo kama mtu anayetafuta funguo, halafu ukashuka taratibu. Akasogea, akalifungua pazia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akayasikia maneno.

"Maji, tumebaki wawili," alisema Fundi Breki, mkono wake juu ya ukingo wa kisima. "Waliokuwa wakikuteka wamekwenda, na ndoo zao, na kelele zao. Nilidhani nikikufungia utakuwa wangu. Sasa nakutazama, na wewe hunitazami."

Alisema machache zaidi, kisha akanyamaza katikati ya sentensi, akapepesa macho kama mtu aliyeamshwa.

"Nimesema nini?" aliuliza.

Seremala alikuwa ameketi juu ya ndoo, nyundo imemlegea mkononi. "Haya ni yenyewe," alisema polepole. "Siku moja nilisinzia nyuma ya kisima cha zamani, nikaamka na sauti inasema hayo hayo. 'Na wewe hunitazami.' Ni yenyewe kabisa."

Kila siku ya mazoezi Fundi Breki alikwenda mbele kidogo. Hakuna aliyemfundisha, na akishavua joho hakumbuki hata neno. Watu wa kundi mwanzoni waliogopa, lakini hofu ikivumiliwa siku kadhaa hugeuka mazoea, na mazoea yakageuka tamaa. Walikuwa wakija mapema na kukaa kimya kumsubiri afike sehemu ya tatu. Mwenyekiti alitaka kumrekodi kwa simu. Mama Sindano ndiye aliyemkataza.

"Mwacheni amalize kwanza," alisema. "Msimkatishe."

Alisema hivyo kwa upole, na wote wakadhani anamheshimu marehemu. Ukweli ni kwamba alikuwa na njaa. Alitaka kusikia mwisho. Miaka mingi alikuwa amesimama nyuma ya kitambaa, hatua chache kutoka kwa mumewe, na sasa alikuwa akipewa, kipande kwa kipande, kile alichonyimwa na pazia.

Joho hakulipanua. Kila mara alijiambia kesho. Na jambo la ajabu, joho lilizidi kumkaa vizuri Fundi Breki. Mgongoni halikukaza tena. Mikononi likaachia. Ilimchukua Mama Sindano muda kukubali kile ambacho jicho lake la ushonaji lilikuwa limekiona mapema: kitambaa hakikuwa kimetanuka hata kidogo.

Mchana mmoja alikuwa chumba cha nyuma akitia vifungo shati la mlinzi wa lango. Fundi Breki akaingia amevaa joho, akaketi kwenye kigoda kilichokuwa pembeni ya meza ya kupigia pasi, akanyoosha shingo.

"Mshono," alisema. "Nifunge hapa juu. Nasikia baridi."

Mkono wa Mama Sindano ukasimama hewani. Mtu mmoja tu duniani aliwahi kumwita Mshono, na hakumwita hivyo mbele za watu.

"Subiri," alijisikia akijibu. "Nakuja."

Akaenda. Akamfunga kifungo cha shingoni, akalaza kola kwa kiganja kama alivyokuwa akifanya zamani, na yule mtu akafumba macho kwa kuridhika. Walikaa hivyo muda kidogo, katika chumba kile chenye harufu ya pasi na vumbi, na Mama Sindano hakutaka chochote kingine ulimwenguni. Kisha Fundi Breki akakohoa. Kikohozi kilianzia chini, kikavu, kikapanda kwa ngazi mpaka kooni na kumwinamisha. Kikohozi hicho Mama Sindano alikifahamu. Alikuwa amekisikiliza hadi siku kilipokoma.

Fundi Breki akafungua macho. Midomo yake ilikuwa mikavu. "Mama, samahani," alisema. "Nimefikaje huku?"

Hakumwambia mtu. Alirudi nyumbani moyo unamdunda kama wa msichana, akajikuta ameuacha mlango wa uani wazi, kama alivyouacha enzi zile Mfalme alipochelewa kutoka mazoezini. Alipotambua alichokifanya, alikaa kitandani. Lakini mlango hakwenda kuufunga.

Mke wa Fundi Breki alikuja nyumbani kwake wiki hiyo hiyo. Alikuwa msusi wa nywele, kijana bado, vidole vyake vyepesi vikichezea ncha ya kitenge alichojifunga. Alikataa kiti, kisha akakaa.

"Shikamoo, mama. Sikuja kugombana."

"Marahaba, mwanangu. Sema."

"Mume wangu anaisha. Akila hamalizi. Mikono inamtetemeka, juzi ameshindwa kufunga nati ya gurudumu, msimamizi wa gereji akamrudisha nyumbani. Tumekwenda hospitali, wamempima mpaka wamechoka, wanasema hana kitu. Na anakohoa." Akaikunja ncha ya kitenge. "Tena ananiita jina ambalo si langu. Ananiita Mshono. Naomba uniambie, mama. Mshono ni nani?"

Mama Sindano angeweza kudanganya. Uongo ulikuwa tayari ulimini.

"Ni mimi," alisema.

Yule mwanamke alimtazama kwa muda mrefu. Macho yake hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi Mama Sindano.

"Basi nirudishie mume wangu," alisema. "Najua umefiwa, mama. Mimi siwezi kujua uchungu wako. Lakini wangu bado yu hai."

Alipoondoka, Mama Sindano alikwenda moja kwa moja kwa Mwenyekiti. Alimkuta ukumbini na wapaka rangi, akiwaelekeza kwa mikono yote miwili.

"Nalifumua lile joho," alimwambia.

Mwenyekiti akamvuta pembeni. "Shemeji, usinifanyie hivyo. Tangazo limeshabandikwa kila ukuta. Afisa analeta wakubwa zake. Na Fundi amebakiza kidogo tu, wewe mwenyewe umesikia jana. Mfalme ameshaweka mkono kwenye lango! Mazoezi mawili tu, tutaujua mwisho."

"Na mwenzetu akianguka kabla ya hapo?"

"Hawezi kuanguka, yule ni jitu la..." Mwenyekiti akaanza, kisha akageuka kumtazama Fundi Breki aliyekuwa ameketi ukingoni mwa jukwaa. Mabega yale mapana yalikuwa yameinama. Shingo ilikuwa imetoka mishipa. Mwenyekiti akavua kofia, akaikunjakunja mikononi.

Mama Sindano akaingia chumba cha nyuma, akafunga mlango. Mwanga wa mchana uliingia kwa dirisha la juu. Akalaza joho mezani, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akainamisha uso wake juu yake, akavuta pumzi. Akalia mpaka akatosheka. Halafu akachukua kifumulio.

Alianzia ubavuni. Nyuzi zilikuwa zake, aliitambua kazi ya mikono yake mwenyewe. Chini ya mshono wa kwanza kulikuwa na mwingine, na chini ya huo mwingine tena. Akakumbuka. Kila msimu Mfalme alikuja na joho mkononi akisema, "Mshono, limelegea hili, kitambaa hiki hakina adabu," naye akalibana kidogo ubavuni na mgongoni, wakacheka, wakaendelea. Hakuna aliyetaka kusema kwamba si joho lililokuwa likilegea. Ugonjwa wote ulikuwa pale, umeshonwa safu kwa safu kwa uzi mwekundu na mkono wake mwenyewe. Na ndani ya umbo hilo la mtu anayekwisha ndimo walimokuwa wakimwingiza mwanamume mzima.

"Ulijua," alimwambia mumewe, akifumua. "Nami nilijua. Tukanyamaziana."

Nyuma yake, kati ya mavazi yaliyoning'inia, mtu alisafisha koo mara mbili, kavu kavu.

Vidole vyake vikaacha kazi. Alijua fika kwamba akigeuka na kusema neno moja tu, sauti ile itaendelea. Ingemwambia kilichokuwa nyuma ya lango. Alikaa hivyo, kifumulio mkononi, jasho likimtoka kwenye paji la uso, na akamkumbuka yule msusi na vidole vyake vilivyokuwa vikichezea ncha ya kitenge.

"Baba," alisema bila kugeuka, "nisamehe. Joho hili sasa ni la kazi."

Akaendelea kufumua. Mavazi yakatikisika kidogo, kama yanavyotikisika mlango unapofunguliwa, halafu yakatulia.

Alipoachia mishono yote, joho bado halikutosha kifua cha Fundi Breki, kwa sababu hata alipokuwa mzima Mfalme alikuwa mwembamba. Akachukua mkasi. Akakata vipande kutoka kwenye shuka la mchota maji, kanzu ya ombaomba, na koti la mlinzi wa lango, akaviunga ubavuni na kwapani. Kulipokucha kesho yake alimwita Fundi Breki, akampima upya mabega, akamvika.

Fundi Breki akavuta pumzi mpaka mwisho. Akaiachia. "Ah," alisema, kama mtu aliyeteremshiwa gunia. Siku hiyo alikula chakula chake chote na nusu ya cha seremala.

Na kisimani akasimama, akaweka mkono ukingoni, watu wakasubiri. Akasafisha koo, lakini kwa sauti yake mwenyewe, nzito.

"Sijui la kusema," alisema.

Mwenyekiti akakaa chini, palepale sakafuni, mikono kichwani. Kwa bahati mbaya au nzuri, Afisa alikuwa amefika kutazama maandalizi. Mama Sindano alimweleza kila kitu mbele ya wote, tangu kikohozi hadi mshono wa mwisho. Hakuomba aaminiwe. Afisa alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Sijui nitawaelezaje wakubwa zangu haya ya joho," alisema. "Pengine sitawaeleza. Lakini niwaulize, huyu naye akiondoka siku moja, mtafanyaje? Mtatafuta mtu mwingine wa kukondesha?"

Mtu mmoja akacheka bila kutaka, na kicheko kikawaambukiza wengine.

"Mfalme aliubeba mchezo kifuani mwake, akaenda nao," Afisa aliendelea. "Simlaumu. Lakini kitu cha kulisha mtaa hakiwezi kukaa kwenye kifua kimoja. Tungeni mwisho wenu. Mimi nitasimama nao."

Wakatunga. Ilikuwa vurugu. Kila mmoja alikuja na vipande alivyovikumbuka kutoka kinywani mwa Fundi Breki, wakavipanga, wakagombana, wakapatana. Walipowauliza wazee wa mtaani waliowahi kuuona mchezo, mmoja aliapa kwamba mfalme alifungua lango, mwingine kwamba alishuka kisimani asirudi, na wa tatu kwamba aliketi tu akalala usingizi. Wote walikuwa na hakika. Mama Sindano aliposikia hayo aliduwaa, kisha akatabasamu kwa uchungu. Yule bwana wake alikuwa akiubadilisha mwisho kila alipojisikia.

Hatimaye wakaamua kwamba mfalme asibaki peke yake. Akishasema na maji na kukosa jibu, wale walioondoka watarudi, mmoja mmoja, kutoka mlangoni, kutoka katikati ya watazamaji, kutoka nyuma ya jukwaa, kila mmoja na ndoo yake, na kila mmoja atasema neno lake mwenyewe kwa kile kisima. Mfalme atakuwa wa mwisho kupanga foleni.

Siku ya onyesho, mchana, ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Wakubwa wa Afisa walikaa safu ya mbele, wamenyooka. Msusi alikaa safu ya tatu, amekunja mikono. Fundi Breki aliingia na joho lake lenye viraka, akiwa mpana kama mlango, na ukumbi ukanyamaza.

Ilipofika sehemu ya tatu, kwa mara ya kwanza tangu ukumbi ule ujengwe, hakubaki mwigizaji nyuma. Wote walikuwa mbele na ndoo zao. Mama Sindano alisimama peke yake nyuma ya pazia, hana vazi la kukunja. Akasikia wachota maji wakirudi. Akasikia watazamaji wakishtuka, kisha wakielewa.

Na nyuma yake, kwenye chumba cha mavazi, sauti ikaanza. Ilikuwa ya chini, isiyo na haraka. Ilisema yale waliyoyasikia mazoezini, neno kwa neno, ikapita pale Fundi Breki alipowahi kuishia, ikaendelea. Mfalme aliweka mkono kwenye lango. Mama Sindano alishika pazia kwa mikono miwili. Sasa maneno yalikuwa wazi, hakuna kitambaa kati yao, na yalikuwa yanakaribia mwisho. Alijua kwa jinsi wimbo ulivyoanza kushuka.

"Mshono," ilisema sauti, "nilipolifungua..."

Makofi yakalipuka. Ukumbi mzima ulisimama, watu wakapiga miguu sakafuni, mbao zikanguruma, mtu akapiga mluzi, Mwenyekiti akalia kwa sauti kama mtoto. Makofi yalikuwa marefu, yakapoa, yakaanza upya. Mama Sindano alikaza masikio mpaka kichwa kikamuuma. Yalipokwisha, chumba cha mavazi kilikuwa kimya, na waigizaji walikuwa wakimiminika nyuma, wametota jasho, wakimkumbatia mmoja baada ya mwingine.

Mfuko ukaendelea na ukumbi ule. Seremala alipata wanafunzi, akawa mkali kwao kupita kiasi. Mchezo wa kisima ukaigizwa tena na tena, na kila aliyekuwa kundini alijifunza nafasi ya kila mwenzake, kwa amri ya Afisa, hata Mwenyekiti akalazimika kumwigiza mchota maji mjamzito, jambo lililovunja watu mbavu. Fundi Breki akarudi gereji asubuhi na ukumbini alasiri. Mkewe aliacha kumpeleka hospitali. Naye akaanza kuja kwa Mama Sindano kujifunza kushona, kwa sababu vidole vyake, alivyosema Mama Sindano, vilikuwa vinapotezwa bure kwenye vichwa vya watu.

Siku moja wawili hao walikuwa chumba cha nyuma, wakikata kitambaa cha mchezo mpya ambao mtaa ulikuwa unautunga kuhusu stesheni iliyofungwa. Msusi akainua uso, akatazama mavazi yaliyojipanga ukutani.

"Mama," aliuliza, "wewe huogopi kukaa humu peke yako?"

Mama Sindano alichovya kidole mdomoni, akatia uzi kwenye tundu la sindano.

"Naogopa," alisema. "Lete ile bluu, tukate mikono."